Picha ya kumbukumbu ya askari waliofia misheni: namna ya kuichora, kuanzia orodha ya majina hadi vanishi

Familia husamehe pua iliyopinda kidogo. Haisamehi jina lililokosewa herufi, cheo kilichoshushwa, wala mtu aliyeachwa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika kabla brashi haijalowa, na mchoraji anayeruka sehemu hiyo hata awe na mkono mzuri namna gani atarudishiwa picha yake.

Mfano tutakaokwenda nao ni wa askari wa JWTZ waliouawa Semuliki, eneo la Beni, Kivu Kaskazini, kambi yao iliposhambuliwa jioni ya tarehe 7 Desemba 2017. Walikuwa chini ya MONUSCO, misheni ya Umoja wa Mataifa ya kulinda amani Kongo, ndani ya ile brigedi maalumu iliyoundwa kwa azimio namba 2098 la Baraza la Usalama, Machi 2013, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi. Pale ambapo misheni ni ya kupeleka misaada yenyewe, tutaangalia Nepal ya mwaka 2015. Vipimo vyote vilivyomo humu ni vya picha ya sentimita 180 kwa 120, yenye nyuso 15. Ukubwa huo unatosha ukumbi wa shule, kanisa, msikiti wenye ukumbi wa nje, au bwalo la kambi.

Hatua ya 1: Hesabu watu, kisha hesabu tena

Taarifa za kwanza za Semuliki zilitaja askari 14. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwanzoni mwa 2018 ukataja 15 waliokufa, 43 waliojeruhiwa na mmoja ambaye hakuwa ameonekana. Mchoraji aliyeanza kazi wiki ileile na kujaza kitambaa chote kwa nyuso 14 alikuwa hana pa kumweka wa 15. Majeruhi hufariki baadaye, aliyepotea hupatikana, orodha hubadilika. Kwa hiyo panga nafasi ya ziada tangu mwanzo, na uipange isionekane kama pengo: majani, ukungu wa bondeni, au mstari mtupu chini ya kila safu ya majina. Aliyepotea asiandikiwe tarehe ya kifo mpaka jeshi litamke.

Nepal inafundisha jambo jingine. Baada ya tetemeko la 25 Aprili 2015, helikopta ya jeshi la Marekani aina ya UH-1Y iliyokuwa ikipeleka misaada ilianguka milimani wilaya ya Dolakha tarehe 12 Mei, siku ileile tetemeko la pili lilipopiga. Mabaki yake yalipatikana siku tatu baadaye. Mara nyingi utasoma kwamba walikufa wanajeshi 8: 6 wa kikosi cha Marine na 2 wa jeshi la Nepal. Lakini ndani ya helikopta ile kulikuwa pia na raia 5 wa Nepal. Jumla ni watu 13. Picha yenye watu 8 inawafuta wale hasa ambao misheni ilikwenda kuwasaidia. Kabla ya kuchora, uliza: nani mwingine alikuwa pale?

Chukua daftari, fungua ukurasa mmoja kwa kila mtu. Andika jina kamili kama lilivyo kwenye orodha ya jeshi, cheo alichokuwa nacho siku ile, jina analoitwa nyumbani, mtu wa familia wa kuwasiliana naye, na picha ulizopewa. Kisha msomee ndugu jina kwa sauti, herufi kwa herufi. Athumani au Othman? Yusuph au Yusufu? Elisha au Elisa? Usibahatishe. Familia zilizopokea medali ya Dag Hammarskjöld, ambayo Umoja wa Mataifa humpa aliyefia misheni, zinacho kipande cha kioo chenye umbo la yai kilichochongwa jina na tarehe ya kifo. Omba kukiona ulinganishe. Herufi zikitofautiana na za cheti cha kuzaliwa, uamuzi ni wa familia. Ndugu aweke saini kwenye ukurasa huo.

Hatua ya 2: Ruhusa

Barua mbili. Moja ya familia: inakubali sura ya ndugu yao ichorwe na itundikwe hadharani. Ya pili kwa ofisi ya uhusiano ya jeshi, kwa sababu sare, nembo na vyeo si mapambo ya kila mtu. Ambatisha mchoro mdogo wa penseli. Ukichora kwanza na kuomba baadaye, unaweza kulazimika kufuta nembo za mabegani juu ya rangi iliyokauka, na mahali palipofutwa huonekana daima.

Familia nyingine haitaki sura. Kuna Waislamu wasiopenda picha ya mtu itundikwe, hasa karibu na mahali pa ibada. Mchore huyo kwa mgongo, akitazama mlima pamoja na wenzake, na jina lake liandikwe kwa ukubwa uleule kama la wengine.

Hatua ya 3: Uchore nini

Usichore mapigano. Mama atasimama mbele ya picha hii kila mwaka, na hana haja ya kuonyeshwa mwanawe anavyokufa. Chora kazi waliyokwenda kuifanya: doria, daraja, lori kwenye tope, mlinzi aliyesimama huku watu wakipita kwenda shambani. Ila usiongeze usichokijua. Brigedi ya Semuliki ilikuwa ya kulinda raia kwa silaha, si ya kugawa chakula. Ukiwachora wakigawa magunia ya unga kwa sababu inapendeza, wenzao waliorudi wazima watajua kwamba si wao. Kwa Nepal, maboksi ya misaada na majeruhi wanaobebwa ni sahihi kabisa, maana ndiyo kazi iliyokuwa ikifanyika.

Mandhari nayo iwe ya mahali penyewe. Mto Semuliki unatoka Ziwa Edward kwenda Ziwa Albert, ukipita upande wa Kongo wa milima ya Rwenzori. Aliyesimama pale bondeni anaiona milima upande wa mashariki na kusini-mashariki, na jua la Desemba huchomoza kusini kidogo ya mashariki, yaani upande huohuo. Kwa hiyo alfajiri nyuma ya Rwenzori ni kweli ya jiografia, na ndiyo mandhari tunayoipendekeza. Machweo nyuma ya milima hiyo ni kosa. Kilele cha Margherita kina mita 5,109, lakini vilele hufunikwa na mawingu muda mwingi. Gusa theluji kwa ncha ya brashi, sehemu moja tu, au iache kabisa. Asichore mtu Kilimanjaro pale, na tumeona wengi wakifanya hivyo kwa mazoea ya mkono. Ukitaka usiku, kumbuka mwezi mpevu ulikuwa tarehe 3 Desemba. Tarehe 7 ulikuwa umeanza kupungua na ulichomoza usiku umeshaingia. Mwezi mwembamba kama ukucha haukuwepo.

Kuhusu alama: bunduki iliyochomekwa ardhini na helmeti juu yake ni desturi ya Marekani, na kwa picha ya Marine inafaa. Kwa Mtanzania tunazo za kwetu. Siku ya Mashujaa, 25 Julai, kwenye mnara huwekwa mkuki na ngao, sime, upinde na mshale, na shada la maua. Chagua mbili, zisijazane. Msalaba mmoja mkubwa juu ya nyuso zote usiuweke wakati kikosi kilikuwa na Wakristo na Waislamu.

Hatua ya 4: Fremu na kitambaa

Nunua mbao 3 za inchi 2 kwa 2, futi 12, zilizokauka na kunyooka. Ya kwanza itoe vipande viwili vya sentimita 180. Ya pili vitatu vya 120. Ya tatu kimoja cha 120, na kinachobaki kinatosha pembe nne za kuimarisha kona. Vipande viwili vya 120 vinasimama ndani, kila baada ya sentimita 60. Bila hivyo fremu ya urefu huu hujikunja kama upinde miezi michache baadaye. Lainisha kwa randa ukingo wa ndani wa mbao za nje, kitambaa kisiguse mbao ila kwenye ncha, la sivyo mstari wa mbao utajichora mbele ya picha. Paka dawa ya mchwa, uache siku mbili ikauke.

Kitambaa ni kanvasi ya pamba, nzito, sentimita 200 kwa 140. Marekani nyepesi ya dukani hulegea mvua ikija. Anza kubana pini katikati ya kila upande, kisha nenda pembeni kidogo kidogo, ukipishanisha pande, pini kila sentimita 5. Anayeanza kwenye kona hupata mikunjo ambayo haitoki tena.

Msingi ni jeso ya akriliki, yaani rangi nyeupe ya kutangulizia, mikono mitatu, lita 1 hadi 1.5. Mkono wa kwanza uwe mwepesi, uongezewe maji kidogo, uingie kwenye nyuzi. Upake wa pili ukikatisha wa kwanza. Piga msasa namba 220 kati ya mikono. Watu hutumia rangi ya maji ya ukutani kupunguza gharama: ile ya bei nafuu ina chaki nyingi na gundi kidogo, na kitambaa kikitikiswa safarini hupasuka na kumwagika kama unga. Kama fedha ni chache, punguza ukubwa wa picha, usipunguze ubora wa msingi.

Hatua ya 5: Kugawa nafasi

Juu, sentimita 35 ni za mandhari. Katikati, 55 za nyuso. Chini, 30 za majina. Nyuso ziwe safu mbili: 8 nyuma, 7 mbele, zikipishana, kila mmoja na nafasi ya sentimita 20 kwa upana. Kichwa kiwe na urefu wa sentimita 13, vyote sawa. Cheo kionekane begani. Hakikuzi kichwa cha mtu.

Piga miraba ya sentimita 10 kwa penseli laini: 18 kwa 12, jumla 216. Kwa nyuso gawa kila mraba mara nne. Picha utakazopewa zitakuwa za pasipoti, za harusi, na za simu zilizotumwa mara nyingi hadi zikafifia. Picha ya kujipiga kwa mkono huvimbisha pua na kurudisha masikio nyuma. Usiifuate peke yake. Omba angalau tatu za kila mtu, moja akiwa anacheka, hata kama utamchora ametulia, kwa sababu kicheko kinaonyesha mashavu na meno yalivyokaa. Mwanga utakuwa umetoka kila upande kwenye picha hizo. Chagua upande mmoja, ule wa alfajiri yako, na uhamishe vivuli vyote. Hili lisipofanyika, nyuso huonekana zimekatwa gazetini na kubandikwa.

Hatua ya 6: Nyuso

Tumia akriliki kwa mandhari na sare. Nyuso zinaweza kumaliziwa kwa rangi ya mafuta juu ya akriliki iliyokauka. Kinyume chake hakiwezekani: akriliki juu ya mafuta hubanduka kama ngozi ya kitunguu. Rangi ya bati wanayotumia wachoraji wa Tingatinga ina mng'aro mzuri na inavumilia maji, lakini haiunganiki taratibu kutoka kivuli hadi mwanga, na uso unahitaji hivyo.

Palete ya ngozi ni rangi tano: kahawia ya amba iliyochomwa, siena iliyochomwa (kahawia yenye wekundu), oka ya njano, bluu ya altramarini, na nyeupe ya titani. Nyeusi ya tyubu iache. Giza la ndani kabisa lipate kwa amba na altramarini, sawa kwa sawa. Hilo ni giza lenye uhai.

Kosa kubwa la ngozi nyeusi ni kuongeza nyeupe ili kupata mwanga. Matokeo yake uso unapauka, unakuwa kama uliopakwa majivu, na mama wa marehemu anasema tu, "Huyu anaumwa." Mwanga wa kwanza kwenye shavu upate kwa siena na oka. Mng'ao wa paji la uso, daraja la pua na mfupa wa shavu uazime rangi ya anga: altramarini na nyeupe kidogo, ikipakwa nyembamba sana juu ya kahawia iliyokauka. Chini ya kidevu, mwanga unaorudi kutoka kwenye nyasi una ukijani mdogo. Weka siena zaidi kwenye masikio, pembe za macho na midomo, damu ilipo karibu.

Jicho liangalie kwa karibu. Weupe wa jicho si mweupe. Changanya nyeupe, oka na chembe ya amba, kisha uongeze giza upande wa juu ambako kope hutupa kivuli. Nukta ya mwanga ni moja tu katika kila jicho, upande uleule kwa watu wote 15. Usiipake mpaka siku ya mwisho ya uso huo.

Akriliki hukauka haraka kwenye joto la pwani, wakati mwingine kabla hujageuza brashi. Tandika sponji iliyolowa kwenye sinia, weka karatasi ya kuokea juu yake, uchanganyie hapo. Fanya nyuso zote kwa pamoja, hatua kwa hatua: vivuli vya wote, kisha mwanga wa wote. Anayemaliza mmoja mmoja hufika wa 15 mkono umeboreka au umechoka, na familia hulinganisha.

Hatua ya 7: Helmeti, sare, bendera

Bluu ya walinda amani ni nyepesi, ya anga. Anza na nyeupe sehemu 5 na altramarini 1, kisha thalo ya bluu kwa ncha ya kisu, kwa sababu thalo humeza kila kitu. Ikielekea kwenye kijani cha maji ya bahari umezidisha. Chora kamba ya kidevuni na kivuli chake shavuni. Bila kivuli hicho helmeti huelea juu ya kichwa.

Nembo ya Umoja wa Mataifa hukosewa sana. Ni dunia inayotazamwa kutoka Ncha ya Kaskazini, yenye duara tano zenye kitovu kimoja na shada la matawi ya mzeituni. Afrika iko chini, kuelekea kulia. Haipo katikati. Bendera ya Tanzania: mstari mweusi wenye kingo za njano unapanda kutoka kona ya chini upande wa mlingoti hadi kona ya juu upande wa pili, kijani juu, buluu chini. Mabaka ya kombati yaige picha ya mwaka wenyewe, si sare ya sasa, maana majeshi hubadilisha sare.

Kwa Nepal: UH-1Y ina mapanga manne juu. Ile ya zamani ya vita vya Vietnam, ambayo ndiyo hujaa mitandaoni, ina mawili. Bendera ya Nepal si mstatili, ni pembetatu mbili zilizopandana, nyekundu yenye ukingo wa buluu, mwezi juu na jua chini.

Hatua ya 8: Majina

Picha ikikauka vizuri, paka mkono mmoja wa vanishi ya akriliki isiyong'aa kwenye ule ukanda wa sentimita 30 tu. Majina yaandikwe juu ya vanishi hiyo kwa rangi ya mafuta ya waandika mabango. Ukikosea, futa papo hapo kwa kitambaa chenye tapentaini kidogo, na rangi ya chini haiguswi. Hii ndiyo kinga pekee dhidi ya mkono kuteleza kwenye jina la mtu.

Safu tatu, majina matano kila moja, mstari mmoja mtupu chini ya kila safu. Urefu wa herufi uwe sentimita 2, nafasi ya mstari 4. Pima kwa chaki, egemeza mkono kwenye ufito, andika siku ambayo hakuna haraka. Mpangilio wa alfabeti unawaweka wote sawa. Jeshi huenda likataka wa vyeo, na hilo likubaliwe kabla. Kabla rangi haijakauka, mtu asiyehusika na uchoraji asome kila jina kwa kulinganisha na daftari, akianza na la mwisho kurudi la kwanza. Jicho linalosoma kwa mpangilio wa kawaida huruka makosa.

Hatua ya 9: Vanishi, kutundika, kukabidhi

Sehemu za akriliki zinaweza kupakwa vanishi baada ya wiki moja. Nyuso za rangi ya mafuta zinahitaji takriban miezi 6. Zikifungwa mapema hupasuka na kuwa na utando mweupe. Hivyo hesabu kurudi nyuma: picha ya kukabidhiwa tarehe 25 Julai imalizwe katikati ya Januari, ya tarehe 29 Mei, Siku ya Walinda Amani, imalizwe Novemba mwaka uliotangulia. Muda ukiwa mfupi, fanya yote kwa akriliki tangu mwanzo. Wakikusukuma, waambie sababu.

Tundika kwa skrubu mbili na fisha imara, si msumari mmoja. Gundisha vipande vya mbao vya sentimita 2 nyuma ya kona za chini ili hewa ipite. Ukuta wa Dar, Tanga au Zanzibar hutoa unyevu, na ukungu huanzia nyuma ya kitambaa. Isielekee dirisha. Nyekundu na zambarau za bei nafuu hupauka kwanza, kwa hiyo nunua tyubu zilizoandikwa daraja la kudumu kwenye mwanga, I au II. Mtunzaji afute vumbi kwa brashi laini kavu, asitumie kitambaa cha maji wala sabuni.

Nyuma ya fremu, kwenye mbao na si kwenye kitambaa, andika kwa penseli: tarehe ya kumaliza, aina ya rangi, aina ya vanishi, na mahali daftari la majina lilipohifadhiwa. Mwachie mwenye ukumbi nakala ya daftari hilo, pamoja na kichupa kidogo cha rangi iliyoandikia majina, kilichofungwa vizuri, kwa ajili ya ile mistari mitatu mitupu.